Gari Jeupe la Ng'ambo: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku

Nikilitoa gari hili uani, hapa mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, safari ya dakika kumi hadi sokoni hula saa nzima. Kituo cha mafuta, stendi, hata msibani, hakosi mtu wa kunivuta kando: "Madam, hili ndilo lile la Safari Rally?" Nimejibu mpaka sauti imekauka, na sauti hiyo naihitaji darasani. Basi majibu ni haya. Ukinikuta barabarani ukaniuliza lililokwisha jibiwa hapa, nitakuamkia tu nishike njia yangu.

Ni gari gani hasa?

Datsun 240Z. Nissan walilitoa Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z. Lililouzwa nje likaitwa 240Z. Hiyo 240 ni ukubwa wa injini: lita 2.4, au cc 2,393 kwa wanaopenda hesabu kamili. Silinda sita zimepangwa mstari mmoja, kabureta mbili, gurudumu za nyuma ndizo zinazosukuma. Viti viwili basi. Uzito wake ni kama tani moja, kwa hiyo injini hailibebi kwa kuhema. Lilitengenezwa hadi 1973, likafuatwa na 260Z.

Si Jaguar, si Porsche. Kijana mmoja wa bodaboda pale Isevya aliapa ni Ferrari. Nikamwonyesha neno Datsun ubavuni. Akasema limebandikwa.

Ni adimu kweli, au mnalikuza?

Duniani si adimu sana. Zilitengenezwa zaidi ya 150,000, na sehemu kubwa ilikwenda Marekani zikiwa na usukani wa kushoto. Namba ya chesi ya zile huanza na HLS30. Za usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani huanza na HS30, na hizo ndizo chache. Letu ni HS30. Hapa Tabora sijawahi kuliona la pili, na nimezaliwa hapa.

Ndilo lililoshinda Safari Rally?

Hapana. Najua jibu hili linawaudhi wazee wawili watatu wa kijiwe cha kahawa cha Kanyenye, lakini hapana.

Nieleze vizuri, maana swali hili ndilo limenifanya niandike ukurasa huu. Mashindano yale ya magari yalianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, na 1971 watu hao hao wakashinda tena, safari hii kwa 240Z. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam, wakashinda Hannu Mikkola na msaidizi wake Gunnar Palm kwa Ford Escort. Kisha Pasaka ya 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, akaichukua kwa 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun nyingine. Baadaye mashindano yakabaki Kenya peke yake.

Kwa hiyo 240Z zilizoshinda ni mbili tu, ya 1971 na ya 1973. Ile ya 1971 iko Japani, kwenye ghala la magari ya kale ya Nissan pale Zama. Letu liliandikishwa kwa mara ya kwanza Dar es Salaam, Julai 1974. Mtu atasema magari ya mashindano huuzwa baadaye yakapewa kadi mpya. Sawa, hoja nzuri. Basi njoo tulale chini ya gari, mimi na wewe. Gari la mashindano lina bati nene la kukinga sampu, na bati hilo lina mahali pa kufungiwa. Lina matundu ya taa za ziada mbele, lina alama za bomba za kukinga paa ndani. Tulilikwangua hili mpaka likabaki bati tupu, na hakuna tundu hata moja la aina hiyo. Matundu yaliyopo ni ya kerea, nayo nitayaeleza.

Basi hadithi ya Safari ilitoka wapi?

Kwenye rangi. Mwenye gari wa pili alilipaka jekundu, boneti akaitia nyeusi, vilevile kama zilivyokuwa Datsun za Safari. Hakumdanganya mtu. Alikuwa shabiki tu, kama leo kijana anavyovaa jezi ya Simba au Yanga na hakuna anayedhani amesajiliwa. Ila jezi hufuliwa ikachujuka, gari lilikaa na rangi ile miaka, na waliokuwa watoto wakati ule ndio wazee wa kijiwe leo.

Nani na nani walilimiliki?

Wanne kabla yangu. Majina siyaweki hadharani, familia zao zipo.

Wa kwanza alikuwa mhandisi mgeni aliyefanya kazi Dar es Salaam. Mkataba ulipokwisha, 1977, aliliuza kwa mfanyabiashara Mhindi wa hapa Tabora mjini, mwenye duka la vitambaa. Huyo ndiye wa rangi nyekundu. Kwake gari lilipita miaka migumu. Wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, serikali ilichukua magari ya watu binafsi kusaidia usafirishaji. Binti yake, ambaye sasa ni bibi, alinisimulia kwamba maofisa walifika, wakalizunguka mara mbili, wakauliza linabeba askari wangapi. Mmoja na dereva. Wakacheka, wakamchukulia lori. Ikaja na ile amri ya kubana mafuta, ya kutoendesha gari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Anakumbuka baba yake akitazama saa mezani, pilau haijaisha, anaondoka mbio kulirudisha gari nyumbani.

Wa tatu, 1985, alikuwa afisa wa mambo ya tumbaku aliyezunguka Urambo na Sikonge. Gari la chini namna ile, njia za mchanga za msituni! Akalipaka bluu, akatoboa paa afunge kerea, juu yake akabeba madebe ya asali. Sakafu ilipooza akaiziba kwa debe la mafuta ya kula lililokunjuliwa. Tulipolitoa, maandishi ya kiwanda bado yalisomeka. Wengine hunitaka nimlaani. Mimi namheshimu: ndiye aliyeliendesha kuliko wote, na gari linalotembea halifi haraka kama lililosimama.

Wa nne ni baba yangu, dereva wa garimoshi. Alilipata 1991 kwa deni ambalo yule afisa alishindwa kulilipa. Alilipenda kwa sababu ya mlio. Alisema injini ya silinda sita ikishika mwendo haina haja ya kupigiwa kelele, kama kichwa cha treni tambarare ya Malongwe.

Lilikufaje?

Maji. Mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998. Baba alijaribu kuvuka korongo ambalo siku nyingine unalivuka na ndala mkononi. Injini ikavuta maji badala ya hewa. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanaweza kukwambia kilichofuata: hewa hubanwa, maji hayabanwi. Pistoni ya nne ilipanda, ikakuta maji, haikuwa na pa kwenda, konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni, ikapinda. Likavutwa na trekta hadi nyumbani, likawekwa chini ya mwembe "mpaka mvua zikatike". Mvua zilikatika. Gari lilikaa pale miaka 16.

Ni la mume wako?

Hapana. Mume wangu ana pikipiki, tena nzuri.

Uliwezaje kulihamisha jina kutoka kwa marehemu?

Hapa wengi hukwama, kwa hiyo someni taratibu. Baba alipofariki, ukoo ulikaa kikao ukaandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari na cheti cha kifo vikapelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, msimamizi akathibitishwa. Barua ya mahakama ndiyo iliyofungua mlango wa mamlaka ya mapato kubadilisha umiliki.

Ugumu wetu ulikuwa nyuma zaidi. Yule afisa wa tumbaku hakuwahi kubadilisha jina, wala baba. Kisheria gari lilikuwa bado la Mhindi! Kilichotuokoa ni bahasha moja kwenye sanduku la chuma la baba, chini ya sare zake: hati ya mauziano ya 1985, na nyingine ya 1991 yenye mashahidi wawili. Familia ya yule mzee wa vitambaa walikubali kuandika kiapo bila kudai hata shilingi. Niliwapelekea asali ya Sikonge, wakanirudishia chupa na achari ya maembe ndani.

Na kabla ya yote hayo, linganisha namba. Ya chesi imegongwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na dereva. Ya injini iko ubavuni mwa bloku, chini kidogo ya silinda hedi. Zetu zote mbili zilikubaliana na kadi ya 1974. Nililia gerejini, nikasingizia vumbi la msasa.

Mlilikuta katika hali gani?

Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha abiria. Maembe yalikuwa yamedondokea paa na boneti misimu kumi na sita, dodo zilizoiva, na dodo moja ikitoka juu kabisa ni kama nyundo. Kutu ilikuwa imekula pale inapokula kila 240Z: sakafu, chini ya betri, nyuma ya matairi ya mbele, na ukingo wa mlango wa nyuma ambapo maji hutuama. Chesi yenyewe ilisimama. Tabora haina chumvi ya bahari hewani. Lingekaa Tanga miaka hiyo tungezoa unga.

Fundi bodi, mzee wa gereji ya uani hapa Ng'ambo, alizunguka akigonga kwa bisibisi na kusikiliza. Akasema, "Mwanangu, hili lina mifupa. Nyama tutanunua." Tulianza 2014, tukamaliza 2021. Si miaka saba ya kazi. Ni miaka saba ya mshahara wa mwalimu.

Kwa nini mmelipaka jeupe? Jekundu lilipendeza!

Kwa sababu lilizaliwa jeupe. Fundi alikwangua kwa msasa mahali padogo ndani ya mlango: bluu, chini yake nyekundu, chini yake nyeupe, kisha bati. Nyuma ya dashibodi, ambako hakuna aliyewahi kufika na bunduki ya rangi, ilikuwa nyeupe tupu. Kibati cha rangi kina namba 904. Nilipoitafuta namba hiyo nikakuta jina ambalo Datsun waliiuzia rangi hiyo: nyeupe ya Kilimanjaro. Nikafunga mjadala.

Haukufungika. Fundi mwenyewe alinuna wiki nzima. "Nyekundu na boneti nyeusi, utaliuza bei mara mbili, utasema ni la Mehta, nani atabisha?" Nani atabisha, ndiyo. Lakini mimi ndiye ningekuwa najua kila asubuhi nikiliwasha. Tulikubaliana jambo moja: ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta tumeacha kiraka cha nyekundu na cha bluu, bila kuvigusa. Ukitaka kuviona, omba.

Kwa nini hamkuweka injini ya Toyota GX? Ingekuwa rahisi.

Ingekuwa rahisi na spea zipo kila kona, kweli. Ila injini hii si ngeni kama watu wanavyoiogopa. Ni ile ya Datsun 1600 iliyoongezewa silinda mbili: kipenyo milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7, zote zinafanana. Fundi injini wetu alikwisha fungua za 1600 tangu ujana wake, hakuangalia kitabu hata mara moja. Bloku ilipelekwa Mwanza kwenye mashine ikachongwa hadi milimita 83.5, pistoni za saizi hiyo na konrodi zikaagizwa Marekani. Silinda hedi ilipofunguliwa tulibadilisha na siti za valvu tukaweka za chuma kigumu, kwa kuwa petroli ya leo haina risasi na za kale zilitegemea risasi ile.

Kabureta mbili hazisumbui?

Zinasumbua asiyezisikiliza. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo mafuta hupunguzwa kidogo. Halafu lazima zote mbili zivute sawa. Chukua bomba dogo la mpira, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya kwanza, sikiliza upepo. Hamia ya pili. Ukisikia sauti moja, umemaliza. Fundi hufanya hivyo macho amefumba. Juu ya kila moja kuna kifuniko chenye kijiti ndani yake, pale huwekwa oili nyepesi kidogo. Wengi hawajui, pakikauka gari hukohoa ukikanyaga, na fundi wa haraka atakuuzia plagi mpya.

Na onyo: nilitumiwa kabureta "za 240Z" na muuzaji mmoja wa mbali, zikaja kwa treni zimefungwa vizuri kwa gunia. Za pikapu. Siku hizi siagizi kitu bila picha ya namba iliyogongwa.

Nini si cha asili?

Nawatajia vyote, msije mkasema nimeficha. Mipira ya milango imekatwa kutoka gari jingine. Viti vimeshonwa na fundi viatu. Kirungu cha gia kilipotea zamani. Seremala wa Chemchem amekichonga kwa mninga, na kila mgeni hudhani hicho ndicho cha kiwandani. Pistoni na konrodi nimekwisha sema. Kioo cha mbele ni chenyewe, na ufa wake ni wenyewe.

Kuna na nta. Sehemu za ndani za chesi, zile zilizo kama bomba ambako msasa haufiki, wenzetu wa nje hupuliza nta maalumu ya kopo. Tabora kununua nta ya kopo ni aibu. Tuliyeyusha ya nyuki pamoja na oili safi, sufuria ndani ya sufuria ya maji moto, mbali na kila kitu kinachoweza kuwaka, tukaipuliza ingali vuguvugu. Mwezi mzima gari lilinukia mzinga. Nyuki walikuja pia, sitasema uongo.

Limekugharimu kiasi gani?

Nyumba ya vyumba vitatu hadi usawa wa renta. Daftari la mahesabu nililiacha mwaka wa tatu, kwa ajili ya amani ya ndoa.

Linakimbia kiasi gani?

Zaidi ya ninavyolikimbiza. Lami ya Nzega alfajiri, kabla ya mabasi, ndiyo starehe yangu. Breki ni diski mbele na madramu nyuma, za miaka ile, kwa hiyo naacha nafasi kubwa na ng'ombe wapite kwa raha zao.

Nina Datsun kuukuu uani. Nianzie wapi?

Usianze na ufunguo! Hili nalisema kwa herufi za kupaaza sauti. Injini iliyolala miaka ukiizungusha kwa betri utakwangua silinda. Toa plagi zote, mimina oili kidogo kwenye kila tundu, iache siku kadhaa, kisha izungushe kwa mkono kwa spana. Ikikubali, mwaga petroli ya zamani, fungua tangi uone kutu yake, badilisha oili, ndipo uzungumze habari ya betri.

Piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Funga nati za kila sehemu kwenye mfuko wake na karatasi. Skrubu za Kijapani zinafanana na nyota ya kawaida lakini si yenyewe. Bisibisi isiyo yake huteleza ikaila kichwa, ukabaki unatoboa kwa keekee. Na kadi ya gari itafute leo, si baada ya kupaka rangi.

Linakodishwa kwa harusi?

Lina viti viwili. Bwana harusi na bibi harusi wakikaa, nani ataendesha? Mmoja alijibu, "Bwana harusi mwenyewe." Nikamwomba aendeshe mita hamsini. Lilizima mara nne. Hapana.

Nina picha ya zamani ya gari hilo. Unaitaka?

Naitaka sana, hasa ya kati ya 1977 na 1985, likiwa jekundu. Mpaka sasa nimepata moja tu. Binti wa yule mzee wa vitambaa aliitoa kwenye albamu yake: harusi ya 1982, watu wamepangwa mbele ya duka, na nyuma yao, kati ya bega la shangazi na nguzo ya baraza, kipande cha gari. Picha ni ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Mwili umetoka kijivu, boneti kijivu iliyokoza zaidi, na mtoto wa kiume wa miaka kama sita amepanda juu yake kwa magoti, amekunja mikono mbele kama ameshika usukani. Nimewauliza wazee wa kijiwe ni nani. Watatu wamesema ni wao.